Kinasa maji cha chini ya brashi: kizuri, ila kisiwe cha kwanza kununua

Ni kidude kidogo cha plastiki inayopitisha mwanga, kina vichwa vya chuma juu na chini, na kibonye cha kumwagia maji. Unakifunga kati ya brashi ya hewa, yaani kalamu ya kupulizia rangi, na mpira unaoileta hewa. Wauzaji wanakinadi kwamba kitakomesha matone ya maji kwenye rangi, basi. Nimekitumia kupaka magari madogo ya mfano na kofia za pikipiki, kwa rangi za maji na kwa laka (rangi inayoyeyushwa kwa thina), na kazi yake kinaifanya. Tatizo ni kwamba wengi wanakinunua kwa kazi nyingine.

Tuanze na maji yanakotoka. Kompresa, mashine inayoishindilia hewa, haitengenezi maji, inayakusanya tu. Hewa ya nyuzi 30 ina uwezo wa kubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, na unyevu ukiwa asilimia 70 huwa tayari imebeba kama 21. Ukiishindilia hadi PSI 60 (PSI ni kipimo cha presha), hewa iliyokuwa imejaza mita tano za ujazo inabanwa kwenye mita moja. Ikishapoa, mita hiyo moja bado haibebi zaidi ya gramu zake 30. Zilizozidi zote zinageuka maji. Kompresa ndogo inayovuta lita 20 kwa dakika, ikinguruma saa nzima katika hali hiyo, itakuachia kama gramu 18, yaani zaidi ya kijiko kikubwa cha mezani. Kwa gari linaloenea kiganjani, hayo ni mafuriko.

Wanachosahau watu ni joto. Pistoni inapoibana hewa inaipasha moto, na hewa ya moto hupita kwenye kinasa chochote bila kuacha kitu, kwa sababu maji yake bado ni mvuke. Kinasa kinakamata matone, hakikaushi hewa. Ndiyo maana filta iliyofungwa mdomoni mwa kompresa isiyo na tangi hubaki kavu, mwenyewe akajisifu kwamba hewa yake safi, kumbe mvuke unakwenda kupoa ndani ya mpira na brashi inatema mbele ya safari.

Hapo ndipo kidude hiki kinapostahili sifa. Kimekaa mwisho kabisa wa njia, hewa imeshapoa, na tone lolote lililozaliwa ndani ya mpira halina pengine pa kupita. Kwenye kompresa isiyo na tangi nimekiona kikijaa ukungu na kisha maji, na kila tone lililomo humo ni tone ambalo halikufika kwenye rangi. Kwa mtu wa laka si jambo dogo. Tone likiangukia rangi ya maji utaona buibui mdogo, utalifuta, utarudia. Likiangukia laka linaacha shimo lenye ukingo, na hilo halifutiki. Linasubiri likauke lisagwe kwa msasa wa maji. Kuna weupe wa maziwa pia unaoivaa laka kwenye hewa nzito, lakini huo husababishwa zaidi na unyevu wa chumbani unaotua juu ya rangi inayopoa wakati thina inaruka. Kinasa hakiuzuii huo, hata ukifunga vitatu mfululizo.

Sasa kasoro. Kikombe chake ni kidogo mno. Bila tangi, hewa ikiwa nzito, unakimwaga mara kwa mara, na ukisahau maji yanapanda yanaingia kwenye brashi yote kwa mpigo, heri yangekuja tone tone. Halafu kinaning'inia mkononi mwako. Ukiinamisha brashi kupuliza chini ya bampa au ndani ya kofia, maji yaliyokusanywa yanalala upande na kuufikia mlango wa kutokea. Kibonye nacho kinatema kwa nguvu presha ikiwemo, kwa hiyo kiminye kwenye kitambaa, mbali na kazi mbichi. Uzito umeongezeka chini ya mpini. Mimi nimeuzoea, lakini kwa mistari myembamba bado nakifungua. Na brashi haikai tena vizuri kwenye kishikio chake cha mezani, kidude kinagonga. Kero ndogo, ila ni ya kila siku.

Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua tangi lenye filta na regyuleta yake (kifaa cha kushusha presha), hata tangi la lita tatu. Hewa inapata nafasi ya kutulia na kupoa humo, maji mengi yanabaki chini, na yaliyosalia yanazungushwa kwenye kikombe cha filta. Uzuri mkubwa unafuata baada ya hapo. Kwenye hizi filta zilizoungana na regyuleta, hewa inachujwa kwanza ikiwa bado kwenye presha kubwa, ndipo inashushwa. Hewa iliyojaa mvuke hadi mwisho wa uwezo wake kwenye PSI 60, ukiishusha hadi 20 inatanuka, na unyevu wake unaangukia chini ya asilimia 50. Hewa ya namna hiyo haina sababu ya kutoa jasho ndani ya mpira, labda mpira upite mahali pa baridi. Ukipanga kinyume, ukashusha presha kwanza halafu ukanasa, umeitupa faida yote hiyo. Kidude cha chini ya brashi hakiwezi kukupa hili kwa sababu kinafanya kazi kwenye presha ndogo tu.

Kikombe cha filta hizo mara nyingi ni plastiki ya polikaboneti. Kioshe kwa sabuni na maji. Thina inakipasua nyufa ndogondogo, na chombo chenye nyufa kinachokaa kwenye PSI 60 karibu na uso wako si cha kuchezea. Tangi nalo lifungulie vali ya chini kila unapomaliza kazi, ukiacha presha kidogo ya kuyasukuma maji nje; yakibaki humo yanakula chuma kutokea ndani, mahali usipoona.

Mrija wa silika jeli, punje zinazonyonya unyevu, nitausema kwa ufupi, maana wengi hawauhitaji. Huo ndio unaokausha mvuke wenyewe, na una maana kama unapuliza vanishi ya poliurethani yenye kigumishi, ambayo ikikutana na unyevu inatoa mapovu. Ufunge baada ya kinasa, kamwe si kabla, kwa sababu maji halisi yanapasua punje zake na vumbi lake linaelekea kwenye nozeli, tundu la brashi linalotoa rangi. Chagua punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zile za buluu hupakwa kloridi ya kobalti, sumu ambayo sina haja ya kuwa nayo mezani. Zikishiba zikaushe kwenye oveni, kama nyuzi 120.

Basi kidude nakipa nyota tatu kati ya tano. Kwa mwenye tangi kinakaa kikavu karibu muda wote, na ni vizuri hivyo. Ni mlinzi wa mlango wa mwisho. Kwa asiye na tangi kina kazi nyingi kuliko tumbo lake, ila ni afadhali kuwa nacho.

Kabla hujalipa, angalia meno ya kufungia kwa kuzungusha. Brashi nyingi, zikiwemo za kampuni ya Iwata, ni inchi 1/8, lakini kampuni za Badger na Paasche zina meno yao, hivyo utahitaji adapta. Kagua ringi ya mpira ndani ya kiungo cha juu: ikiwa imekaa upande, kitavuja hata ukikaza kwa koleo, na koleo lenyewe litapasua plastiki. Kaza kwa mkono, zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kidogo kwenye meno ya chini, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vyote viwili huku presha ikiwa imefunguliwa. Changu kilikuwa kinavuja kwenye kibonye, si kwenye meno.