Meseji za mhudumu wa afya kwa mama kijijini: uzoefu wangu

Mimi naishi Mbagala, mama yuko Kisarawe, vijiji vya ndani ambako bodaboda anakuuliza mara mbili kabla hajakubali kukupeleka. Ana presha, anatumia amlodipine, na simu yake ni kiswaswadu. Naandika kwa wenye wazee kijijini wanaojiuliza kama huduma hizi za meseji zina maana. Kwangu inayo, ila si kwa sababu wanayoitangaza.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anampitia mama nyumbani na mashine ya presha. Kati ya ziara na ziara, mradi unamtumia meseji, na mimi huku Dar napata nakala.

Walianza na vikumbusho: "Kumbuka kunywa dawa." Wahusika wanisamehe, hizo hazikusaidia kitu. Mama anahesabu kuku wake kila jioni, kidonge atakisahau vipi? Zikachanganyika na matangazo ya bando, mjukuu akawa anazifuta zote kwa pamoja.

Baadaye meseji ikaanza kuuliza: "Shikamoo mama. Hali yako? Jibu 1 kama uko salama, 2 kama kuna shida." Wiki moja akajibu 2. Mhudumu akampigia, kesho yake akaenda. Miguu ilikuwa imevimba, na mama alishaacha dawa kimyakimya kwa kuwa alihisi ndiyo inayomvimbisha. Na kweli, kuvimba miguu ni moja ya maudhi yanayojulikana ya amlodipine. Kituo cha afya wakambadilishia dawa. Mimi nampigia kila Jumapili na hakuwahi kuligusia! Nilipomuuliza akasema, "Ningekupa presha na wewe, mwanangu."

Wenzetu Kenya waliliona hili mapema. Utafiti wa WelTel, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, ulihusisha watu wazima 538 walioanza ARV, dawa za VVU. Kundi moja lilitumiwa kila wiki "Mambo?" tu, nao wakajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na 50 katika kundi lisilotumiwa. Angalia pia kwamba ile meseji haikutaja dawa wala ugonjwa. Simu ya kijijini ni ya nyumba nzima. Anayemsomea bibi ni mjukuu, na wakati mwingine jirani. Presha haina aibu, lakini kwa mgonjwa wa VVU au kifua kikuu meseji ya "kunywa dawa" inaweza kumwaga siri yote barazani. Ukimwandikisha mzazi, uliza kwanza maneno yatakayotumwa.

Kero ipo kwenye salio. Kumjibu mhudumu kunakatwa hela, na mama salio lake ni la kubipu. Mbona kwenye Wazazi Nipendeni, huduma ya meseji kwa wajawazito iliyoanza 2012, mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001 bila kulipa chochote? Inawezekana. Chaji nayo ni shida, ila hiyo siwalaumu wao.

Kilichonikera zaidi nilikisikia kwa mhudumu mwenyewe: vocha ya kuwapigia wagonjwa anajinunulia. Anazunguka kwa miguu, posho inachelewa, halafu dakika za kumuuliza mama yangu habari za miguu zinatoka mfukoni mwake. Nawapa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka wamlipie dada wa watu vocha.