Likizo ya Kutembea Milimani: Uzoefu Wangu

Tangazo la safari hii liliahidi kwamba tutarudi tumepungua. Nianze na hilo tulimalize: sikupungua hata kidogo, wala sioni ningepunguaje, maana ukishatembea kutwa unakaa mezani na njaa ya mtu aliyetoka kulima. Kama unalipia likizo ya aina hii kwa ajili ya mizani, weka fedha zako mfukoni. Mimi nilichopata ni usingizi, na kwa hilo peke yake naona fedha yangu haikupotea.

Utaratibu ni huu. Mnatembea kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, begi kubwa linatangulia kwa gari, mgongoni unabaki na maji, koti la mvua na vitafunwa. Kiongozi mmoja yuko mbele, mwingine anafunga mkia. Wa mbele alikuwa na mtindo wake: mkiwa mnapanda anakuuliza swali, ukishindwa kujibu sentensi nzima bila kuhema, anapunguza mwendo bila kusema neno. Ni kipimo cha kweli hicho. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, basi mwili unafanya kazi ya kiasi, ile ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki. Sisi tulikuwa tunazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nikiwa kazini, saa saba usiku bado nimekodoa macho. Kule, saa tatu na nusu nilikuwa nimeshazimika. Uchovu una mchango wake, lakini naamini mwanga ulifanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliwapeleka watu kupiga kambi kwa wiki moja bila taa za umeme, na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, ikaanza kupanda mapema kwa takriban muda wa saa mbili kuliko walipokuwa nyumbani. Sisi jioni taa tulikuwa nazo, ila mchana kutwa tuko nje, na hata siku ya mawingu mwanga wa nje unauzidi mbali ule wa ofisini.

Halafu kichwa kinatulia. Kwenye njia ya mawe huna nafasi ya kutafuna yale yaliyokuudhi kazini, kwa sababu kila hatua inadai uangalie unakanyaga wapi. Mama mmoja mstaafu alikuwa akihesabu hatua kwa sauti kila penye mwinuko: anafika mia, anasimama, anavuta pumzi, anaanza mia nyingine. Kufikia katikati ya safari kundi zima lilikuwa linahesabu naye, hata wale vijana waliokuja na saa za kupima mapigo ya moyo.

Sasa lawama. Aliyepanga ratiba aliweka mteremko mrefu kuliko yote siku ya pili. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kinachoumiza misuli ni kushuka: misuli ya mapaja inabeba uzito huku inavutwa, na maumivu yake hayaji papo hapo, yanakuja kesho yake na keshokutwa. Kwa hiyo siku ya tatu, ambayo nayo ilikuwa ndefu, nusu ya kundi walikuwa wanashuka ngazi kinyumenyume. Mteremko huo ungewekwa mwisho. Na fimbo za kutembelea, ambazo zinayapunguzia magoti mzigo, tulitozwa pembeni. Hilo nimeona ni ubahili. Niliwaandikia, wakajibu "asante kwa maoni".

Nyota nne kati ya tano. Ningempeleka yeyote anayekaa kitini kutwa na kulala vibaya. Mwenye tatizo la moyo au magoti amwone daktari kwanza, na asiyezoea kabisa aanze kutembea wiki kadhaa kabla, akiwa na viatu vilevile atakavyosafiri navyo. Viatu hivyo viache nafasi mbele ya vidole, na kucha za miguu uzikate fupi kabla ya kuondoka, la sivyo kwenye mteremko zitagonga viatu mpaka ziwe nyeusi.