Kambi ya riadha ya likizo hapa Mwanza, natoa nyota mbili tu

Nilimpeleka binti wa dada yangu, ana miaka 15, wiki tatu, jina la kambi naliacha. Mazuri yapo, mazoezi ya kupandisha mlima wa Bugando alfajiri safi kabisa, kocha anajua kufundisha mbio. Ila mzani jamani. Kila Jumatatu mabinti wanapanga foleni wanapimwa mmoja mmoja, kilo zinasomwa kwa sauti wenzao wanasikia, aliyeongezeka anaambiwa usiku asile ugali.

Karudi home nikampikia sato wa kuchemsha, kamenya ngozi yote kaweka pembeni, akawa anaiminya nyama kwa kidole aone kama ina mafuta, matonge mawili kasema kashiba. Mtoto wa ziwani anaogopa sato! Halafu miezi ilipopita dada ananiambia mtoto hajaona siku zake miezi mitatu. Nikampigia kocha, eti ndo mazoezi yamekolea. Hapana, mazoezi makali na chakula kidogo ndo vinavyokata hedhi hivyo, homoni zinashuka, mifupa inakuwa dhaifu. Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani, alisimulia mwaka 2019, alikuwa anapimwa mbele ya wenzake, akakosa hedhi miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano.

Mzazi, kabla hujalipa uliza wanakula nini na mzani wa kazi gani. Sisi tunahudhuria kliniki sasa hivi, na jana kamaliza bakuli zima la uji wa ulezi, nikaenda jikoni kulia.