Soko la Kobo mjini Kyoto: Shule ya Mkono kwa Mkusanyaji wa Kauri ya Kale ya Japani

Kila tarehe 21 ya mwezi, kwa mvua au kwa jua, uwanja wa hekalu la Toji mjini Kyoto hugeuka kuwa soko. Wenyeji huliita Kobo-san, kwa heshima ya mtawa Kukai, ambaye baada ya kufa alitunukiwa jina la Kobo Daishi. Yeye ndiye aliyekabidhiwa hekalu hilo na mfalme Saga mwaka 823, na alifariki tarehe 21 ya mwezi wa tatu mwaka 835. Wachuuzi hutandaza meza na maturubai yao chini ya mnara wa mbao wenye orofa tano na urefu wa karibu mita 55, ambao jengo lake la sasa ni la mwaka 1644. Utakuta humo achari, miche ya miti, visu vya jikoni, kimono kuukuu na, katikati ya hayo yote, vitu vya kale. Tathmini hii inahusu vitu hivyo vya kale peke yake, na inamlenga mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuanza kukusanya sanaa na mapambo ya Japani.

Naitoa hukumu yangu mapema. Kwa kauri, sijaona mahali bora pa kuanzia. Kwa vinyago vya pembe, picha za kuchapwa na panga, soko hili halifai kwa anayeanza, na sababu zake nitazieleza.

Ubora wa Kobo-san katika kauri unatokana na jambo moja: unaruhusiwa kushika. Katika makumbusho sahani iko nyuma ya kioo. Katika maduka ya kifahari ya barabara ya Shinmonzen mgeni huogopa hata kunyoosha kidole. Na picha za mtandaoni huonyesha uso wa sahani ilhali ushahidi mwingi uko chini, kwenye kitako. Hapa muuzaji mwenyewe huigeuza sahani na kukuonyesha tako lake kabla hujaomba. Ukishika sahani nyingi kwa asubuhi moja, za karne mbalimbali na za viwango mbalimbali, mkono huanza kutambua uzito na unene ambao maelezo ya kitabu hayawezi kuufundisha.

Kauri inayotawala meza hizo ni ile iitwayo Imari, kwa jina la bandari iliyokuwa ikiisafirisha, ingawa tanuri zenyewe zilikuwa Arita na vijiji vya jirani katika kisiwa cha Kyushu. Ilianza kutengenezwa huko katika miaka ya 1610 na wafinyanzi wa Kikorea walioletwa Japani baada ya uvamizi wa Korea wa 1592 hadi 1598. Utawala wa Ming ulipoanguka nchini China mwaka 1644 na biashara ya kauri ya Kichina ikavurugika, Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iligeukia Arita, na kuanzia mwaka 1659 iliagiza kwa wingi. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuona sahani za Kichina zikiwa zimepachikwa katika makaburi ya kale ya nguzo au zikipamba vidaka vya nyumba za Lamu, hatakuwa mgeni kabisa mbele ya buluu hii juu ya weupe. Ni bahari ile ile na ni tamaa ile ile ya chombo king'aacho.

Vipande vizuri vilivyosafirishwa Ulaya karne ya 17 havipatikani sokoni hapa, na asitokee mtu akakudanganya. Kinachopatikana kwa wingi ni vyombo vya matumizi ya nyumbani: sahani, bakuli na vikombe vidogo vya mchuzi wa tambi viitwavyo soba-choko, vya karne ya 18 na 19. Kuvipambanua ndiko kunakompa mkusanyaji raha. Sahani za mwanzo kabisa zina kitako chembamba, ambacho kipenyo chake hukaribia theluthi moja ya kipenyo cha sahani nzima. Kadiri miaka ilivyosonga, kitako kilipanuka. Sahani kubwa za baadaye huwa na alama ndogo kama vitone chini, ndani ya duara la kitako, mahali zilipoegemezwa juu ya vijiti vya udongo ili zisibonyee kwenye moto wa tanuri. Buluu ya zamani, iliyotokana na madini asilia, imetulia na hubadilika ndani ya mstari mmoja, mahali nzito na mahali nyepesi. Buluu iliyoingia katika enzi ya Meiji, kati ya 1868 na 1912, ni kobalti ya viwandani kutoka Ulaya, na hung'aa kwa ukali unaokaribia zambarau.

Enzi hiyo hiyo ndiyo iliyoleta sahani zenye michoro ya kuchapwa, kwanza kwa karatasi zilizotobolewa, baadaye kwa bamba la shaba. Ukitazama kwa makini utaona mchoro umekatika au umepandana pale karatasi mbili zilipokutana. Wakusanyaji wengi huzidharau sahani hizi. Mimi nazipenda kwa dhati, kwa kuwa zinaonyesha waziwazi namna kitu kilichokuwa cha wenye mali kilivyoingia katika nyumba za watu wa kawaida, na kwa kuwa bei yake bado iko chini: sahani ndogo isiyo na kasoro huuzwa kwa bei ya mlo mmoja wa mchana, wakati kikombe cha soba-choko cha karne ya 18 chenye mchoro mzuri wa mkono kinaweza kugharimu mara kumi ya hapo.

Kuhusu uaminifu wa wauzaji, niliowashughulikia wengi wao walitaja kasoro wenyewe: ukingo uliomeguka, ufa mwembamba kama unywele, rangi ya dhahabu iliyosuguliwa. Hata hivyo mnunuzi agonge ukingo taratibu kwa kucha na asikilize, kwa maana chombo kizima hulia na chenye ufa hutoa sauti butu. Asikatae upesi chombo kilichovunjika kikaungwa kwa utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu, kwa kuwa ukarabati huo ukifanywa na fundi wa kweli huwa ni kazi ya sanaa. Lakini aangalie isiwe gundi ya dukani iliyopakwa rangi ya dhahabu, jambo ambalo siku hizi limeenea. Kupunguziwa bei kunawezekana, hasa ukinunua zaidi ya kimoja, ila huombwa kwa upole na mara moja. Majadiliano marefu ya bei kama ya Kariakoo hayana nafasi hapa, na muuzaji atakayekukatalia atafanya hivyo kwa tabasamu linalomaanisha mazungumzo yamekwisha.

Birika za chuma cha kusubu zimejaa, nyingine zikiwa na majina ya mafundi mashuhuri yaliyochongwa au kusubiwa upande mmoja. Jina peke yake lisikupandishie bei, maana majina hayo yameigwa tangu zamani. Nunua birika kwa uzito wake na kwa hali ya ndani yake.

Sasa nije kwenye pembe, jambo ambalo mkusanyaji anayetoka Afrika Mashariki hana haki ya kulipita kimya. Netsuke ni vinyago vidogo vilivyozuia mfuko au kijisanduku kilichoning'inizwa kwenye mshipi wa kimono, vazi lisilo na mifuko ya kutilia vitu. Uzuri wake haupingiki. Lakini Japani haina tembo, na kila kinyago cha pembe kilichochongwa huko kilitokana na mnyama aliyeuawa nchi nyingine. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016 ili dunia ielewe. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990. Kinyago utakachouziwa Kyoto, hata kikiwa cha kale, hakitavuka mpaka kihalali bila vibali ambavyo muuzaji wa mezani hatakupatia. Nasema bila kusita: usinunue. Netsuke za mti mgumu uitwao boksi (kwa Kiingereza boxwood) zipo, ni za jadi vilevile, na mikono ya mafundi wake haikuwa duni. Tazama matundu mawili ya uzi: mara nyingi moja ni kubwa kuliko jingine ili fundo lijifiche ndani, na kingo zake huwa zimelainika kwa matumizi. Nakala za plastiki huonyesha mstari wa kalibu na matundu makali. Kabla ya kutoa pesa, nenda kwanza kwenye Makumbusho ya Netsuke ya Seishu, yaliyofunguliwa mwaka 2007 katika nyumba ya kale ya samurai humo humo Kyoto, uone netsuke halisi inavyopaswa kuwa.

Picha za kuchapwa kwa mbao nyingi ni matoleo ya baadaye, na mezani hakuna mwanga wala utulivu wa kukagua karatasi. Panga zina sheria zake za usajili na za kusafirishwa nje, hivyo ziachiwe maduka yenye hati.

Upungufu mkubwa wa soko ni kwamba risiti yenye maelezo na dhamana havipo. Vyombo vingi pia vimetengana na visanduku vyao vya mti wa kiri, ambavyo kwa desturi huandikwa jina la chombo na sahihi ya fundi, na ambavyo huongeza thamani yake kwa kiasi kikubwa. Anayetaka kazi yenye sahihi iliyothibitishwa, kama vile vyombo vya Meiji vya enameli au vya maki-e, yaani laka iliyopambwa kwa unga wa dhahabu, avumilie bei ya Shinmonzen na kwanza alizoeze jicho lake katika Makumbusho ya Sannenzaka, karibu na hekalu la Kiyomizu.

Toji iko umbali wa kama robo saa kwa miguu kutoka stesheni kuu, na kuingia uwanjani ni bure. Fika mapema asubuhi, kwa sababu wafanyabiashara wenyewe hununuliana kabla ya watalii kuamka, na kufikia saa kumi alasiri meza hufungashwa. Chukua yeni taslimu za noti ndogo, kurunzi na kitambaa laini cha kufungia. Mwezi Desemba msongamano huwa mkubwa mno, na kukagua kitako cha sahani katikati ya umati ni kazi ngumu. Chagua mwezi mwingine. Ukikosa ulichokitafuta, soko la hekalu la Kitano Tenmangu hufanyika tarehe 25, siku nne tu baadaye, katika jiji hilo hilo.