Sidii mbili za Lidia Ruslanova: sauti imetimia, maisha yamekatwa

Nilinunua mkusanyiko huu kwa ajili ya wimbo mmoja tu, "Valenki", ule wa mabuti ya sufu yaliyozeeka bila kutiwa kiraka. Ruslanova, mwimbaji wa nyimbo za kienyeji za Kirusi, anauimba kwa sauti nzito ya kifuani, anavuta neno hadi unadhani ameishiwa pumzi, kisha analiachia kwa kicheko huku kodiani zikimkimbilia nyuma. Kirusi changu ni cha kuombea maji, lakini nimeusikiliza kila siku kwa miezi mitatu sasa.

Usafi wa rekodi haulingani. Katika nyimbo za miaka ya 1930 mafundi wameiacha mikwaruzo ya santuri, nami nawashukuru. Kwingineko wameisugua mno, hata sauti yenyewe ikafifia kama inayotoka nyuma ya pazia.

Lawama yangu kubwa ni ya kijitabu. Kinasimulia vizuri utoto wake katika mkoa wa Saratov, alikozaliwa mwaka 1900: yatima aliyelelewa katika kituo cha watoto na kuimba katika kwaya ya kanisa. Kinamwonyesha pia Mei 1945 akiwaimbia askari mbele ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin, likiwa bado limejaa matundu ya risasi. Baada ya hapo kinaruka moja kwa moja hadi maonyesho yake ya mwaka 1953, kana kwamba mama huyu alikuwa amekwenda likizo.

Ukweli ni kwamba alikamatwa mwaka 1948 pamoja na mumewe, Jenerali Vladimir Kryukov, aliyekuwa mtu wa karibu wa Marshal Zhukov, kamanda mashuhuri wa jeshi la Sovieti, wakati Stalin alipokuwa akimpunguza nguvu shujaa huyo wa vita. Ruslanova alihukumiwa miaka 10, akapelekwa kambini Siberia na baadaye gereza la mji wa Vladimir. Picha za wachoraji wa Kirusi alizokuwa amezikusanya zikataifishwa, na nyimbo zake zikanyamazishwa. Aliachiwa baada ya Stalin kufa, akarudi jukwaani na kuendelea kuimba hadi mwaka aliofariki, 1973.

Msikilizaji asiyejua hayo ataziona rekodi za sidii ya pili kuwa za mwimbaji aliyezeeka tu. Mimi nasikia ndani yake mtu asiye na haraka tena ya kumfurahisha yeyote, na ndizo ninazozipenda zaidi.

Sidii sizirudishi dukani. Kijitabu nimekijazia mwenyewe kwa penseli, pale kilipoiruka miaka yake mitano ya kifungo.