Mkanda wa shaba uliosukwa: umeunyamazisha mnara wetu

Ripita yetu, mtambo wa redio unaopokea sauti za watu na kuzirusha tena zifike mbali, hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, masafa mawili yakipishana kilohezi 600 tu. Kila upepo ulipovuma, sauti za watu zilimezwa na mikwaruzo, kama mtu anakanyaga majani makavu. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha na viunganishi. Wapi! Siku moja nikazima upande wa kurusha peke yake: kimya. Nikawasha, mikwaruzo ikarudi. Redio haikuwa na kosa, kelele ilizaliwa mnarani.

Mwenzangu akawa anasikiliza, mimi nagonga vyuma kutoka chini kwa fimbo ndefu ya mbao kavu. Nilipofika kwenye ngazi akapaza sauti: "Hapo hapo!" Ndoano ya ngazi ilikuwa imelazwa tu juu ya chuma cha mnara, ikisuguana nacho. Antena inaporusha, umeme hupita hata kwenye vyuma vilivyo jirani. Vikigusana na kuachana, mkondo hukatika na kuunga ghafla, na redio husikia kila mkatiko. Kutu nayo huongeza balaa: hupitisha umeme kama dayodi, yaani upande mmoja kuliko mwingine, yakazaliwa masafa ambayo hakuna aliyeyarusha.

Mkanda niliofunga kuunganisha ngazi na mnara ni wa nyuzi za shaba zilizopakwa bati, upana milimita 25. Niliukata sentimita 10, maana ukiwa mrefu haufai kwa masafa ya juu. Ubapa wake ndio ninaoupenda, kwani waya wa mviringo huuzuia mkondo huo zaidi. Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi. Ngazi ikitikisika, mkanda unapinda nayo bila kuachia. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, na nikamsikia mtu wa redio ya mkononi, mawimbi yake dhaifu kabisa, neno kwa neno. Nilifurahi mno!

Sasa kasoro. Bolti zilizokuja nao zilishika kutu ndani ya miezi michache. Nimeweka za chuma kisichoshika kutu. Maji pia hujipenyeza kati ya nyuzi, na ncha moja bati limeanza kuisha, shaba inageuka kijani. Kwa hiyo vyuma visivyocheza viunganishe kwa bamba la shaba lisilosukwa, lililopakwa bati vilevile, kwa kuwa shaba tupu kwenye unyevu huila zinki iliyopakwa kwenye chuma cha mnara. Na zile tai za chuma za kufungia kebo usihangaike kuziunganisha na chochote. Zing'oe, weka za nailoni nyeusi zinazostahimili jua.