Ratiba ya msimu ya ukumbi mdogo: kipi ununue, na ukae wapi

Ratiba za kumbi ndogo za miji hufanana: tamthilia ya kundi linalozunguka, mchekeshaji mmoja au wawili, bendi inayopiga nyimbo za wakongwe, usiku wa dansi, onyesho la watoto, na siku hizi matangazo ya moja kwa moja kutoka majukwaa makubwa. Kwenye bango vyote vinasifiwa sawasawa. Ukishaingia ndani, ukumbi wa viti 200 au 300 unayashinda majumba makubwa kwa baadhi ya mambo, na mengine yanaulemea kila msimu.

Tamthilia ya waigizaji wawili hadi watano ndiyo ya kununua kwanza. Ukikaa zaidi ya mita 20 hivi kutoka jukwaani, uso wa mwigizaji hausomeki tena. Unabaki na sauti na mikono. Kwenye ukumbi mdogo hata safu ya mwisho mara nyingi iko ndani ya umbali huo, kwa hiyo mwigizaji akimeza mate kabla ya kudanganya, unamwona. Usikimbilie safu ya kwanza, kwani jukwaa lililoinuka mita moja litakuonyesha videvu na kukuficha miguu. Kaa katikati, safu ya nne hadi ya saba. Kwa dansi, panda mbele ya roshani, maana mipangilio ya wachezaji husomeka vizuri kutoka juu. Viti vya nyuma kabisa vilivyo chini ya roshani viepuke: sauti hufika imefifia, na sehemu ya juu ya jukwaa imekatwa.

Bendi ndiyo inayoangusha watu. Maneno yanataka mwangwi wa sekunde moja hivi, okestra inataka karibu 2, na ukumbi wa kazi zote hauwezi kuwa na vyote viwili. Wengi hutundika mapazia mazito. Mapazia hayo hunyonya sauti nyembamba na kuiacha bezi ikizunguka. Halafu kuna drams, ambazo hata bila spika zinajaza ukumbi wa ukubwa huo. Fundi wa sauti anaipandisha sauti ya mwimbaji ili izishinde, maikrofoni inanasa sauti ya spika, na mluzi unaanza. Kundi linalojua kazi yake huja na kinga ya plastiki angavu ya kuzungushia drams, au mpigaji anatumia brashi badala ya fimbo. Usihukumu kwa nyimbo mbili za mwanzo: mitambo ilijaribiwa ukumbi ukiwa mtupu, na miili ya watu hunyonya sauti, hivyo fundi anapanga upya mkiwa mmeshakaa. Ikiwa wimbo wa tano bado unavuma, tatizo si watu.

Matangazo ya moja kwa moja yamekomaa. Metropolitan Opera ya New York ilianza kuyarusha kwenye sinema mwaka 2006, National Theatre ya London ikafuata 2009, na kwa picha na sauti hiki ni kipengele kizuri kwa mji ambao kundi kubwa halitafika kamwe. Ubovu wake ni wa aina mbili. Pale mawimbi yanapotoka kwenye setilaiti, mvua kubwa huyakata na picha kuganda. Wa pili ni midomo kutolingana na maneno: projekta huchakata picha na kuichelewesha, sauti ikiwa imeshapita njia yake. Sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, mtazamaji anaanza kuhisi. Ikichelewa, anavumilia hadi karibu 125. Kuichelewesha sauti kwenye mitambo ni kazi ya dakika moja, basi mwambie mhudumu mapema, usisubiri mapumziko. Asiyetaka bahati nasibu achague marudio yaliyorekodiwa.

Onyesho la watoto, soma umri na muda kabla ya picha. Kwa wadogo, dakika 45 hadi 60 bila mapumziko zinatosha. Likiwa la vikaragosi, kaa katikati tu, maana pembeni utaona mikono ya wachezeshaji. Mchekeshaji naye hahitaji maelezo mengi: safu ya kwanza ni sehemu ya onyesho, mwenye haya arudi nyuma.

Kwenye huduma ya tiketi, ramani ya viti ya mtandaoni ndiyo dhaifu. Mara nyingi haionyeshi nguzo wala spika, kwa hiyo piga simu uulize kiti chako kinazibwa na nini. Kwa bendi, sauti bora iko karibu na meza ya fundi, kwani anachosikia yeye ndicho anachorekebisha. Viti vya hapo mara nyingi huonekana vimeuzwa kumbe vimezuiwa mpaka kundi lifike na kusema mitambo itakaa wapi. Uliza tena mchana wa siku ya onyesho, mitambo ikishafungwa. Vilivyobaki huachiwa saa hizo.